Safari ya siku moja kwa basi kutoka Muscat: ngome za Bahla, Jabrin na Nizwa

Ngome tatu za mkoa wa Dakhiliya, ndani ya Oman, zinazungukika kwa basi kwa siku moja bila mtu kulala njiani. Bahla ni ngome ya zama za kati, kazi ya Wanabahani waliotawala Oman ya ndani tangu katikati ya karne ya 12 mpaka mwishoni mwa karne ya 15. Jabrin na mnara mkubwa wa Nizwa ni za karne ya 17, enzi ya Yaaruba, ukoo uliomtoa Mreno Muscat kisha ukamfuata hadi Mombasa. Ndiyo maana huwa nawasihi wageni wetu wanaokuja Muscat kutembelea ndugu wasiishie soko la Mutrah na maduka makubwa. Sehemu ya historia ya Pate, Mombasa na Unguja iko huku nyuma ya milima, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari.

Mwongozo huu nimemwandikia anayebeba jukumu la kupanga: mtu wa familia aliyepokea wageni, kiongozi wa chama cha akina mama, au vijana wa mtaa mmoja wanaotaka kuchangishana. Ukipanda basi la kampuni ya utalii utakufaa pia, maana utajua cha kudai.

Kwanza: siku na msimu

Safari hii ni ya miezi ya baridi, kuanzia Novemba hadi Machi. Joto la kiangazi hupanda kupita nyuzi 40, na mawe na udongo wa ngome hulihifadhi hadi jioni. Kuwapandisha wazee ngazi za Nizwa mwezi wa Julai ni kuwatesa. Ramadhani nayo iache, kwani saa za kufungua hubadilika na watu hawana nguvu za kutembea.

Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo swali litakuwa siku ipi kati ya hizo mbili. Ijumaa ina mnada wa mbuzi na ng'ombe Nizwa, unaoanza asubuhi mapema na kwisha kabla ya sala. Wauzaji huzunguka na wanyama wao ndani ya duara la wanunuzi, na ni jambo la kuonwa. Lakini Ijumaa ngome nyingi hupunguza au hukatisha saa za kufungua, na ukishaufuata mnada utajikuta umefika Bahla wakati mlango umefungwa. Ushauri wangu: kama shabaha ni ngome, nenda Jumamosi. Mnada upangie safari yake. Vyovyote utakavyochagua, piga simu siku mbili tatu kabla uhakikishe kwamba zote tatu ziko wazi, na saa ngapi zinafunga. Ukarabati hufunga ngome bila taarifa kuenea, na hakuna linalovunja moyo wa kikundi kama kuukuta mlango umefungwa.

Pili: basi na dereva

Kwa watu ishirini na kitu, kosta inatosha. Wakizidi hapo, chukua basi kubwa, usiwabane watu kwenye viti vya katikati kwa saa nne za kwenda na kurudi. Kabla ya kutoa hata baisa moja ya rubuni, kalia kiti cha nyuma kabisa, washa kiyoyozi, ujaribu kipaza sauti. Kipaza sauti kibovu kinamuua mwongozaji: atapiga kelele nusu saa, atachoka, na watu wa nyuma watalala.

Yaandike makubaliano: mahali pa kuondokea, ngome zote tatu kwa majina, saa ya kurudi, nani analipa mafuta, nani analipa chakula cha dereva. Kutoka alfajiri hadi kurudi usiku ni karibu saa 14, ingawa saa za kuendesha hazizidi tano. Dereva apewe mapumziko ya kweli Nizwa wakati nyinyi mnazunguka; asitumwe kufuata maji wala kumrudisha mtu aliyesahau miwani Jabrin.

Angalizo moja kuhusu saa. Humu nimeandika saa za Kiswahili. Ukizungumza na dereva asiyejua Kiswahili, mwandikie 6:00 kwa tarakimu, tena uongeze kwamba ni asubuhi. Ukimwambia saa 12, atakuja adhuhuri.

Tatu: mwongozaji

Hapa usibane pesa. Ngome ya Bahla ina maandishi machache sana ndani, na asiye na mtu wa kumweleza ataona vyumba vitupu tu. Mwongozaji halali Oman ana leseni ya Wizara ya Urithi na Utalii, muombe akuonyeshe. Kwa bahati nzuri, Muscat haikosi waongozaji waliokulia Unguja, Pemba au Mombasa, au waliolelewa na wazazi waliotoka huko, wanaozungumza Kiswahili vizuri kabisa. Anza kwa kuulizia huyo. Bibi aliyetoka Pemba anaelewa mengi zaidi akisikia habari kwa lugha yake kuliko mjukuu akimtafsiria sikioni.

Kabla ya kumkubali, mhoji kwa maswali matatu. Wanabahani wa Bahla wanahusiana vipi na Wanabahani wa Pate? Nani alijenga Jabrin, na nini kilimpata humo? Na watumwa walikuwa wapi katika maisha ya ngome hizi? Swali la tatu ndilo linalopambanua. Utajiri wa Yaaruba ulitokana na merikebu, biashara na mashamba ya mitende, na pia kazi ya watumwa, wakiwamo waliochukuliwa kutoka pwani yetu. Mwongozaji anayelikwepa swali hilo atawapeni hadithi ya wafalme peke yake, na wamo ndani ya basi watu ambao mababu zao hawakuwa wafalme. Anayelijibu kwa upole na ukweli, mshike huyo.

Nne: mpangilio wa siku

Nizwa ndiyo ya kwanza njiani, na karibu kila mtu atakwambia uanzie hapo. Mimi nasema ipite. Nenda moja kwa moja hadi Bahla, kisha Jabrin, urudi Nizwa mchana. Sababu ni tatu. Bahla ni pana na haina vivuli vingi, hivyo inahitaji asubuhi. Jabrin iko dakika kama kumi tu kutoka Bahla, na kwa kawaida haichelewi kufungwa. Na soko la Nizwa hulala mchana, likaamka alasiri. Ukifika asubuhi na kuondoka, hutaliona likiwa na uhai. Ni kweli kwamba kwa tarehe mnara wa Nizwa unaitangulia Jabrin, kwa hiyo mwongozaji aeleze ukoo wa Yaaruba ndani ya basi ili watu wasichanganyikiwe.

Ratiba inayokwenda bila kukimbizana ni hii:

Saa 11:45 asubuhi, kukutana karibu na Burj al-Sahwa, ule mnara wa saa ambapo barabara ya Nizwa inaanzia. Pana nafasi ya kuacha magari.
Saa 12:00, kuondoka.
Saa 1:30, kituo cha mafuta maeneo ya Izki: msalani, chai.
Saa 2:30 hadi 4:15, Bahla.
Saa 4:30 hadi 6:15, Jabrin.
Saa 7:15, Nizwa: sala na chakula.
Saa 9:00 hadi 10:30, ngome ya Nizwa.
Saa 10:30 hadi magharibi, soko.
Saa 12:30 jioni, kuondoka. Muscat mnafika karibu saa 2:30 usiku.

Atatokea mtu wa kusema, "Madhali tumefika Nizwa, si tupande na Jabal Akhdar?" Jibu ni hapana. Njia ya kupanda mlima huo inaanzia Birkat al-Mauz, na pale pana kizuizi cha polisi kinachoruhusu magari ya 4x4 tu. Basi litarudishwa. Pango la al-Hoota na kijiji cha Misfat al-Abriyin nako msiguse. Kila kimoja kinastahili siku yake.

Tano: pesa, mavazi na mizigo

Changisha fedha zote wiki moja kabla, zikiwamo za kiingilio, na mpe mtu mmoja azishike. Uliza viwango vya kiingilio kwa mwananchi, mkaazi na mgeni, kwa sababu huenda visilingane. Wakaazi waje na vitambulisho vyao. Mshika fedha atangulie dirishani anunue tiketi za wote, wengine wabaki na mwongozaji wakilitazama jengo kwa nje. Mkipanga foleni kila mtu na pochi yake, mmepoteza robo saa kwenye kila ngome.

Mavazi ni ya heshima ya kawaida: mabega na magoti yafunikwe. Viatu viwe vya kufunga vyenye soli inayoshika, maana ngazi za zamani zimelainishwa na nyayo. Akina mama wanaovaa mabaibui marefu wayapandishe kidogo au wayafunge kiunoni wakipanda ngazi za Jabrin. Nimeona mara nyingi mtu akikanyaga pindo lake pale. Kila mmoja awe na maji lita moja na nusu, kofia au mtandio, na dawa zake za kawaida. Mihogo ya kukaanga na maandazi ya asubuhi yaliwe ndani ya basi; ndani ya ngome msile kitu.

Sita: njiani

Barabara inapenya milima ya Hajar kwenye pengo la Sumail. Huu ndio muda wa mwongozaji kusema, lakini asiseme yote. Dakika ishirini baada ya kuondoka, watu wakishakaa sawa, azungumzie Sumail yenyewe, mji wa Mazin bin Ghadhuba, anayetajwa kuwa Mwomani wa kwanza kusilimu, na msikiti wake bado upo. Baada ya chai ya Izki aingie kwenye ukoo wa Yaaruba, na watu wote wabaki na majina manne tu:

Nasir bin Murshid, imamu wa kwanza wa Yaaruba (imamu hapa ni kiongozi wa dini na wa nchi pamoja), aliyechaguliwa mwaka 1624 na kuanza kuwaunganisha Waomani dhidi ya Wareno.
Sultan bin Seif, aliyeikomboa Muscat mwaka 1650 na kujenga mnara wa Nizwa.
Bilarab bin Sultan, mwanawe, aliyejenga Jabrin.
Seif bin Sultan, mdogo wake Bilarab, ambaye majeshi yake yaliitwaa Fort Jesus ya Mombasa.

Majina yakizidi hapo watu husahau yote. Ukitaka, yachapishe kwenye karatasi moja pamoja na namba yako ya simu na saa za kuondoka kila kituo, ugawe watu wakipanda basi.

Kila mnapopanda tena, hesabu vichwa. Usiulize "Wote tupo?" kwa sababu aliyekosekana hawezi kujibu.

Saba: Bahla

Ukitokea upande wa Nizwa utaiona ngome kabla ya kuufikia mji, imeinuka juu ya mitende na rangi yake ni ya udongo uleule wa chini yake. Mwambie dereva apunguze mwendo. Mwongozaji aonyeshe kwanza ukuta wa nje, ule unaozunguka mji mzima na mashamba yake kwa takriban kilomita 12. Wanabahani hawakulinda nyumba ya mtawala tu. Walizungushia ukuta mitende, maji na watu.

Bahla iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, ikiwa ya kwanza kwa Oman. Mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na humo ikakaa hadi 2004. Kisa cha hatari hiyo mtakielewa mkiugusa ukuta kwa macho: msingi ni wa mawe, lakini kuta na minara ni matofali ya udongo usiochomwa. Mvua moja kubwa ikipata ufa, inabomoa. Kazi ya ukarabati ilichukua miaka mingi, na milango ikafunguliwa tena kwa wageni mwaka 2012. Kwa hiyo msiegemee kuta, na watoto wasikwangue udongo.

Ndani hakuna samani wala mazulia. Wengine hukata tamaa hapo, lakini mimi naipenda Bahla kuliko zote kwa sababu hiyohiyo: unaiona mifupa ya ngome. Fundisha kikundi chako kuisoma kwa maswali. Maji yanatoka wapi? Tafuteni visima. Adui akivunja lango la kwanza, anajikuta wapi? Simameni hapo mtazame juu. Mtaona mmezungukwa na kuta ambazo juu yake kuna watu wa kuwarushia mawe na moto. Sehemu kongwe zaidi, qasaba, iko upande gani, na zipi zimeongezwa baadaye? Mpe kila kijana swali moja alitafutie jibu mwenyewe, kisha mkutane juu kwenye paa. Nusu saa ya namna hii inafundisha kuliko saa nzima ya hotuba.

Habari ya Pate isimuliwe huko juu, mitende yote ikiwa mbele yenu. Masimulizi ya kale ya Pate yanasema kwamba ukoo wa Nabahani uliotawala kisiwa hicho ulitoka kwa Wanabahani wa Oman, mtu wa ukoo huo akaja, akaoa kwa wenyeji na utawala ukamhamia. Wanahistoria wanabishana juu ya lini hasa jambo hilo lilitokea, na wapo wanaozikataa tarehe za mapema zinazotajwa. Lakini jina lenyewe halibishaniwi. Wanabahani walitawala Pate, baadaye wakahamia Witu, na hata mshairi na mwanalugha wa Lamu, Ahmed Sheikh Nabhany, alilibeba jina hilo hadi karne hii. Mtu wa Lamu akisimama juu ya Bahla, hana haja ya kushawishiwa kwamba amekuja mahali panapomhusu.

Hadithi za majini wa Bahla, mji unaosifika Oman nzima kwa hadithi hizo, waachieni watoto ndani ya basi kuelekea Jabrin. Aliyependa vyungu vya Bahla anunue, lakini avifunge kwa nguo na avishike mapajani.

Nane: Jabrin

Jabrin ni ndogo kuliko Bahla na inachukua muda uleule, kwa sababu kila chumba kina la kutazamwa. Imamu Bilarab bin Sultan aliijenga miaka ya 1670, iwe makazi na mahali pa elimu kuliko kambi ya vita. Wanafunzi walisomea humo, na utaona vyumba vilivyotengwa kwa kazi hiyo. Ingieni katika makundi ya watu kumi kumi. Ngazi ni nyembamba kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka hawapishani, na mkiingia wote pamoja mtaziba njia ya wageni wengine.

Anzeni chini, kwenye ghala ya tende. Sakafu imechongwa michirizi. Magunia ya tende yalipangwa juu yake hadi karibu na dari, uzito ukaikamua asali, nayo ikatiririka kwenye michirizi hadi mtungini. Asali hiyo ililiwa, na kwenye ngome za Oman ilichemshwa vilevile na kumwagwa juu ya vichwa vya washambuliaji. Kisha tafuteni maji: mfereji wa falaj uliingizwa ndani ya jengo, ukawapa watu maji na kupoza vyumba.

Halafu pandeni kwenye chumba cha Jua na Mwezi. Kina madirisha 14, saba chini na saba juu. Hewa baridi huingia kwa yale ya chini, ya moto hutokea juu. Waambie watu wakae sakafuni kimya dakika mbili wasikilize upepo, ndipo watazame juu. Dari imepakwa maua na nakshi kwa rangi ambazo bado zinaonekana vizuri. Hakuna dari nyingine kama hiyo kwenye safari hii, na msiipige picha kwa taa ya kamera. Mwanga mkali hauifai rangi ya zamani. Waongozaji huonyesha pia chumba cha farasi wa imamu, kilichoko ghorofani, na mahali walipojificha askari chini ya sakafu ya chumba ambamo imamu alikutana na watu asiowaamini.

Mwisho wa ziara ya Jabrin uwe kaburi la Bilarab, lililomo humohumo ndani. Hapa ndipo pa kusimulia kilichotokea. Seif alimwasi kaka yake, Oman ikagawanyika, na Seif akaizingira Jabrin. Bilarab akafia ndani ya jengo alilolijenga kwa ajili ya elimu, mwaka 1692, na Seif akashika uimamu. Miaka minne baadaye, Machi 1696, merikebu za Seif zilifika Mombasa na kuizingira Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mzingiro huo ulidumu hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani waliteketea kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na ngome ilipoanguka, utawala wa Mreno kaskazini mwa Rasi Delgado ulikuwa umevunjika, ingawa alirudi Mombasa kwa muda mfupi mwaka 1728. Wamazrui walioitawala Mombasa baadaye walitokana na magavana waliotumwa na dola hiyo hiyo.

Mpe mwongozaji robo saa nzima kwa kisa hiki, na usimharakishe. Mtu aliyewahi kupita chini ya kuta za Fort Jesus akielekea Mji wa Kale atakuwa na maswali, na maswali hayo ndiyo thamani ya safari. Watauliza watu wa mji wa Mombasa walikuwa upande gani (wengi waliwaomba Waomani msaada, kisha wengi wao wakachoshwa na Waomani pia). Watauliza kuhusu watumwa. Yajibiwe.

Wazee wasioweza ngazi wasiachwe ndani ya basi. Uani pana vivuli, na ghala ya tende iko chini. Mtu mmoja wa kikundi akae nao awaonyeshe picha za vyumba vya juu kwenye simu. Anayetembelea kiti cha magurudumu ataona sehemu ndogo tu ya Jabrin, na ni haki yake aambiwe mapema kabla hajalipa.

Tisa: chakula Nizwa

Ukiwa bado Jabrin, piga simu mkahawani useme mko wangapi na mtakula nini. Kikundi cha watu 25 kikiingia bila taarifa kitakaa saa nzima kikingoja. Mikahawa mingi ya Nizwa ina vyumba vya kukaa chini kwenye mazulia. Agiza wali wa nyama kwa sinia, watu wanne au watano kila sinia, na kuku kwa wasiokula mbuzi. Wanaoswali wapate nafasi kabla ya chakula, si baada yake, maana baada ya wali mzito kikundi hakikusanyiki tena kwa urahisi.

Kumi: ngome ya Nizwa

Nizwa ulikuwa mji wa maimamu tangu karne ya 8, na husuni ya zamani ilikuwapo kabla ya mnara. Mnara ni wa Sultan bin Seif, na ujenzi wake ulichukua miaka 12. Ni mviringo, kipenyo chake kinapita mita 30, na sehemu yake ya chini haina vyumba: imejazwa udongo na mawe. Baruti ndiyo iliyoamua hivyo. Ukuta wa udongo wa Bahla ulijengwa kuzuia ngazi na mishale. Huu ulijengwa kuhimili mizinga ya adui na mtikisiko wa mizinga ya wenyewe. Ukiwa umetoka Bahla asubuhi, tofauti hiyo utaiona bila kuambiwa, na ndiyo faida nyingine ya mpangilio wangu.

Njia ya kupanda ni moja tu, ngazi nyembamba inayopinda ghafla. Kila kona ina mlango mzito. Mbele ya mlango palikuwa na shimo, siku hizi limezibwa kwa usalama, na juu yake tundu la kumwagia asali ya tende inayochemka. Simamisheni kijana mmoja mlangoni awe adui, mwingine apande aangalie chini kwenye tundu. Wataelewa papo hapo. Ukifika juu utatokea kwenye uwanja mpana wa mviringo wenye matundu 24 ya mizinga yanayotazama pande zote. Zungukeni ukingo wote: upande mmoja ni mitende, mwingine ni kuba la msikiti na soko, na nyuma yake milima. Watoto washikwe mikono kwenye ngazi za kupanda ukingoni.

Baada ya hapo, waachie watu soko. Taja mahali pa kukutana pasipo na utata, kwa mfano lango kuu la ngome, na saa kamili. Halua inunuliwe hapa. Muuzaji atakuonjesha, na isiyo na zafarani ya kutosha utaijua kwa ulimi. Tende, ulizia ya khalasi. Majambia ya fedha ni mazuri na ghali, lakini mwenye kusafiri kwa ndege ayatie kwenye begi la kupakia chini, wala asiyabebe mkononi.

Kumi na moja: kurudi

Hesabu vichwa, kisha hesabu tena. Mshika fedha amlipe mwongozaji na dereva kabla ya basi kuondoka Nizwa, mbele ya watu wawili, na risiti iandikwe. Burj al-Sahwa usiku kila mtu atakuwa anakimbilia gari lake. Kipaza sauti kizimwe baada ya Izki, watu walale. Mwenye nguvu ya kuzungumza akae mbele na dereva, amwangalie asisinzie. Mkifika, mtu mmoja apite viti vyote na tochi ya simu kuangalia vilivyosahauliwa, na basi lisiondoke mpaka kila mama mwenye watoto awe amepata usafiri wa kumfikisha nyumbani.